Somo: Kuunda modeli ya Piper J-3 Cub, skeli ya 1/48, kwenye vumbi la Dodoma

Cub ilitengenezwa Marekani kuanzia 1938 hadi 1947. Ndege yenyewe ina mita 10.74 kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine, hivyo modeli inatoka na sentimita 22 hivi, urefu 14. Vipande ni vichache, ndiyo maana huuzwa kama modeli ya kuanzia. Kwenye kuunganisha ni sawa. Kwenye rangi, hapana: njano haifichi kitu, na upepo wa Juni hadi Septemba hapa kwetu unajulikana.

Vifaa: kisu cha wembe wa kubadilisha, kikata kucha, kibanio cha nyusi, msasa wa maji namba 400, 800 na 1200, gundi nyepesi ya plastiki yenye brashi, gundi nyeupe ya mbao, tepu ya karatasi ya mafundi rangi, vibanio vya nguo, praima nyeupe, rangi ya njano na nyeusi.

1. Kuosha. Osha fremu zote, yaani vijiti vya plastiki vilivyoshika vipande, kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki. Plastiki hutoka na mafuta ya kalibu na rangi haishiki juu yake. Acha ikauke yenyewe, ndani ya nyumba. Ukiisugua kwa kitambaa kikavu inapata umeme tuli, na kwa hewa kavu kama yetu itavuta kila chembe ya vumbi iliyomo chumbani.

2. Ndani. Paka rangi ya ndani kabla ya kufunga bodi. Viti viwili vimepangana mbele na nyuma. Ukiweka sanamu ya rubani mmoja, mkalishe kiti cha nyuma: J-3 ikiwa na mtu mmoja hurushwa kutoka nyuma ili uzito ukae sawa. Wengi humweka mbele.

3. Bodi. Shikanisha nusu mbili kwa tepu bila gundi kwanza, uone kama zinakaa. Kisha gusisha brashi ya gundi kwenye mshono. Gundi itatambaa yenyewe. Bana taratibu mpaka plastiki iliyoyeyuka itokeze kidogo kama uzi, halafu acha saa 24. Usiharakishe. Ukipiga msasa mapema, plastiki bado ni laini. Itanywea baadaye na mfereji utajitokeza ukiwa umeshapaka njano. Bandika tepu pande zote mbili za mshono kabla ya msasa, kwa sababu Cub halisi imevikwa kitambaa, na vile vituta vya mbavu kwenye plastiki vikishasagwa havirudi.

4. Rangi. Bawa lipake likiwa peke yake. Praima iwe nyeupe. Njano juu ya kijivu hutoka kama ya kijani iliyochujuka. Puliza alfajiri kabla upepo haujaamka, madirisha yamefungwa mpaka umalize, sakafu umeinyunyizia maji, na barakoa usoni. Umbali ni sentimita 15 hadi 20. Ukienda mbali zaidi, hewa kavu inakausha matone kabla hayajafika na uso unakuwa na chengachenga. Tabaka tatu nyembamba, kisha funika kwa ndoo safi na ufungue madirisha. Mstari mweusi wa ubavuni subiri siku mbili.

5. Kumalizia. Silinda nne za injini zinaonekana nje, kwa hiyo zipe rangi ya chuma na weusi mwembamba kwenye mapezi. Vioo vibandike kwa gundi nyeupe, ndipo bawa, ndipo nguzo zake. Mbele ya kioo, kwenye mfuniko wa tangi, chomeka uzi mmoja wa shaba kutoka waya wa chaja mbovu, milimita 5. Hicho ndicho kipimo cha mafuta cha Cub: waya juu ya boya, mafuta yakipungua unashuka.

Maswali

*Mkuu, huku Kondoa gundi ya plastiki sipati. Supagluu inafaa?*
Inafaa kwa bodi, ila hukauka kwa kutumia unyevu wa hewani, na kiangazi unyevu ni kidogo. Weka kitambaa kibichi karibu, usiweke gundi nyingi. Vioo usiviguse nayo: mvuke wake hunasa ndani na kuacha ukungu mweupe.

*Ukungu huo mimi tayari ninao. Nifanyeje?*
Kama kioo bado kinatoka, king'arishe kwa dawa ya meno na pamba, kisha kisuuze. Kama kimeshafungiwa ndani, dada, kitoe kwa wembe. Kwa nje hutaufikia.

*Rangi ya kopo ya magari imekula plastiki yangu.*
Ni tina yake, na uliipuliza ikiwa nzito. Mipulizo miwili ya kwanza iwe ya ukungu tu, dakika 10 katikati. Sehemu iliyoliwa isubiri siku mbili, kisha msasa 800 na praima upya.

*Naweza kuandika usajili wa kwetu?*
Tanzania ni 5H ikifuatwa na herufi tatu. Ukitaka sura ya enzi za Tanganyika, ni VR-T na herufi mbili. Puliza vanishi ya kung'aa kabla ya stika za maji. Juu ya rangi isiyong'aa hewa hubaki chini ya stika na kingo zake huonekana za fedha.