Kaunta kuukuu ya baa: usianze na msasa

Mteja akikuletea kaunta na viti vya zamani kwa ajili ya baa ya Kiairishi, weka mashine ya msasa mbali. Karakana nyingi hapa Moshi zinaikimbilia hiyo, na polishi ya miaka mia inaishia kuwa vumbi.

Kwanza jua samani ilifanya kazi gani. Ireland ya karne ya 19, baa nyingi zilikuwa duka pia: huku pombe, kule chai, sukari na viungo. Ndiyo sababu nyuma ya kaunta kuna droo ndogondogo. Usizing'oe upate nafasi ya friji, hata mwenye baa akubembeleze. Vilikuwepo pia vijichumba vyenye mlango, mtu anywe bila kuonwa. Crown Liquor Saloon ya Belfast, iliyonunuliwa mwaka 1978 na National Trust, shirika la Uingereza la kutunza majengo ya kale, bado inavyo 10, na kengele za kumwitia mhudumu. Kwa hiyo ukikuta tundu la waya wa kengele kwenye mbao, usilizibe.

Halafu pima polishi. Chovya pamba kwenye spiriti, gusa chini ya ukingo. Ikinata, ni shelaki, polishi ya utomvu wa wadudu. Isiponata, jaribu thina: ikilainika ni laka. Zote zikigoma, una vanishi.

Shelaki haikwanguliwi. Toa nta na uchafu kwa tapentaini, iache ikauke, kisha pitisha brashi yenye spiriti kidogo. Nyufa nyembamba zitajifunga zenyewe. Usiifanye wakati wa masika, unyevu unaitia weupe kama ukungu. Mwezi wa nne mimi nashughulika na maungio tu. Gundi ya ngozi ya kale hulegea kwa maji ya moto. Isafishe yote, urudishie ya aina ileile. Gundi nyeupe haishiki vizuri juu ya mabaki ya gundi ya ngozi.

Ninapobishana na wateja ni kuhusu uso wa juu wa kaunta. Wanataka shelaki kila mahali, ing'ae. Pombe inaiyeyusha! Konyagi ina kilevi cha asilimia 35. Glasi ikimwagika na kulala hapo, asubuhi unakuta doa. Sehemu hiyo moja toa shelaki yote kwa spiriti na matambara, upake vanishi ngumu mara tatu, kila koti likauke vizuri. Ubavuni na kwenye droo shelaki ibaki.

Reli ya brasi ya kuegemezea miguu ifute kwa mafuta ya cherehani, basi.