Kazi ya Muda Chuoni: Namna ya Kupata Nafasi ya Kufunza Walimu wa Kiingereza Uganda

Nafasi hizi mara nyingi hazifiki gazetini. Mkuu wa idara anagundua wiki mbili kabla ya muhula kwamba mhadhiri mmoja ameenda masomoni, au kwamba kundi la walimu wanaosoma wakati wa likizo limefurika, basi anapekua barua zilizo ndani ya faili lake. Mwongozo huu ni wa anayetaka barua yake iwe ndani ya faili hilo na, akiitwa, aiweze kazi yenyewe: kuandaa walimu watakaofundisha Kiingereza kwa watoto wasiokisikia nyumbani.

Hatua ya 1: Pima vyeti vyako

Kanuni ni kwamba mhadhiri awe na ngazi moja juu ya kozi anayofundisha. Kozi za shahada ya kwanza zinataka uzamili. Kozi za stashahada zinaweza kukupokea na shahada ya kwanza yenye alama nzuri. Uzamili uwe wa elimu ya lugha, isimu tumizi au Kiingereza, na uandamane na sifa ya ualimu. Mwenye uzamili wa fasihi peke yake hupewa kozi za fasihi, si za mbinu za kufundisha lugha, hata akiwa msemaji hodari kiasi gani.

Kama ulisoma nje ya Uganda, peleka shahada yako kwa Baraza la Kitaifa la Elimu ya Juu, wengi wanaliita NCHE, ilinganishwe na za Uganda. Vyeti vya sekondari hulinganishwa huko UNEB, baraza la mitihani. Waliosoma Congo wajihadhari hapa: licence ya mfumo wa zamani ni miaka mitatu ya graduat na miwili juu yake, jumla mitano. Ukipeleka cheti cha mwisho peke yake, msomaji asiyeujua mfumo huo anaweza kudhani ni shahada ya miaka mitatu. Peleka vyeti vyote viwili, orodha za alama za kila mwaka, na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Anza mapema, maana bila karatasi ya ulinganisho jina lako haliwezi kupitishwa hata idara ikikutaka.

Hatua ya 2: Chagua chuo kwa kuangalia kalenda

Makerere, Kyambogo, Gulu, Ndejje, chuo cha Kikristo cha Mukono na kile cha Kiislamu cha Mbale vyote vinafunza walimu. Kuna pia UNITE, taasisi ya kitaifa iliyovikusanya vyuo vya kitaifa vya ualimu kama vile Kaliro na Unyama. Ila usichague kwa jina. Angalia wanafunzi wao wanasoma lini.

Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inataka kila mwalimu awe na shahada. Kwa hiyo walimu wa Gredi ya Tatu, yaani wa shule za msingi wenye cheti tu, wamerudi masomoni, na wengi wao husoma shule zikifungwa: Januari, Mei, na kati ya Agosti na Septemba. Hapo ndipo wahadhiri wa muda wanapohitajika sana. Kozi ya krediti tatu ni saa 45 za darasani. Katika muhula wa kawaida hizo ni saa tatu kwa wiki, wiki 15. Katika kikao cha likizo cha wiki tatu ni saa tatu kila siku, siku 15 mfululizo. Mwalimu wa shule ana nafasi siku hizo. Mfanyakazi wa shirika la misaada kwa kawaida hana, na ni heri aombe masomo ya jioni au ya wikendi.

Hatua ya 3: Barua iende na kozi ndani yake

Iwasilishe wiki sita hadi nane kabla ya muhula. Barua ya ukurasa mmoja, wasifu usiozidi kurasa tatu, nakala za vyeti, na kitu ambacho waombaji wengi hawakiweki: muhtasari wa kozi ya wiki 15 uliouandaa mwenyewe. Ipeleke kwa mkono, ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Muhtasari uonyeshe kwamba unaijua hali ya nchi. Tangu 2007, mtaala unataka shule za msingi zitumie lugha ya eneo kuanzia darasa la kwanza hadi la tatu, la nne ni la mpito, na kuanzia la tano kila somo ni kwa Kiingereza. Darasa la nne, basi, ndilo daraja ambalo watoto wengi hutumbukia. Kwenye makazi ya wakimbizi mambo ni mazito zaidi. Mtoto wa Kivu aliyefika Nakivale na Kiswahili chake anakutana na Kirunyankore kama lugha ya eneo, kisha Kiingereza. Wa Kyaka II anakutana na Kirutooro. Weka angalau wiki mbili za suala hili. Muhtasari unaorudia orodha ya nyakati za vitenzi unaonyesha mtu anayetaka kufundisha Kiingereza, ilhali idara inatafuta wa kufunza walimu.

Hatua ya 4: Somo la majaribio

Ukiitwa, utapewa dakika 15 au 20 mbele ya jopo. Kosa kubwa ni kutoa mhadhara juu ya sarufi. Fanya jopo liwe darasa la walimu tarajali.

Andika ubaoni sentensi moja ya mtoto: *My mother he is at the market.* Uliza kosa limetoka wapi. Jibu halimo katika uvivu wa mtoto. Kiswahili kina "yeye" na Kiganda kina "ye", kwa mwanamume na mwanamke sawia, hivyo mtoto hajawahi kulazimika kuchagua. Kisha uliza mwalimu atafanya nini. Wengi watasema atamsahihisha. Hapo toa hesabu: darasa lina watoto 80, kipindi ni dakika 40. Ukimpa kila mmoja nusu dakika ya kusema, kipindi kimekwisha na kila mtoto ametamka sentensi moja. Ukiwageuza waliokaa benchi moja wazungumze wawili wawili kwa dakika tatu, mmoja akitaja mtu wa nyumbani na mwenzake akisema yuko wapi, kila mtoto anapata sentensi kumi au zaidi. Onyesha zoezi hilo na jopo lenyewe.

Weka akiba ya mifano miwili mitatu ya lugha nyingine. Katika Kiganda r hufuata i na e, kwingine huwa l, ndiyo maana *rice* na *lice* hugongana. Mwalimu aliyesomea Kifaransa ataandika *I have 25 years*, au *I assisted at the meeting* akimaanisha alihudhuria tu. Anayeweza kueleza chanzo cha kosa papo hapo hupata kazi mbele ya mwenye lafudhi nzuri.

Hatua ya 5: Usianze bila barua ya uteuzi

Barua itaje kozi, idadi ya saa, kiwango kwa saa, tarehe ya malipo, na kama kutunga na kusahihisha mtihani kunalipwa kando. Uliza pia nani analipia nauli ukitumwa kukagua walimu tarajali wakiwa shuleni, kwa sababu siku moja ya boda boda kati ya shule tatu za kijijini inaweza kula posho nzima.

Piga hesabu ya kweli. Tuseme kiwango ni shilingi 30,000 kwa saa: saa 45 ni 1,350,000. Ukihesabiwa kama mtoa huduma na kukatwa kodi ya zuio ya 6%, zinatoka 81,000. Ukihesabiwa mwajiriwa, makato ni mengine, kwa hiyo uliza mapema na uwe na namba yako ya mlipakodi kutoka URA, mamlaka ya mapato. Sasa ongeza saa za maandalizi, na karatasi 120 za mtihani kwa dakika 12 kila moja, ambazo ni saa 24. Ukiigawanya pesa kwa saa zote hizo, utaona kama kozi moja inakufaa au unahitaji mbili zinazofanana ili maandalizi yatumike mara mbili.

Hatua ya 6: Mafunzo kwa vitendo yaanze wiki ya tano

Hapa ndipo kozi nyingi huharibika. Kundi la watu sita, kila mmoja akifundisha dakika kumi na kupewa maoni dakika tano, linahitaji saa moja na nusu. Darasa la wanafunzi 60 lina makundi kumi: saa 15, theluthi ya kozi nzima. Anayengoja wiki ya 12 amebakiwa na saa 12, atayaona makundi manane tu, na hao wengine wataenda shuleni bila kujaribiwa.

Shida ya pili imejificha. Wanafunzi wenzao wanaojifanya watoto wanajua Kiingereza, kwa hiyo kila somo linaonekana limefaulu. Dawa yake unayo kinywani. Ingia darasani siku moja, usalimie, ufundishe dakika kumi kwa Kiswahili kitupu, haraka, bila kitu mkononi na bila tafsiri: sehemu za mmea, kwa mfano. Wanaojua Kiswahili wakae nyuma waandike wanachokiona kwa wenzao. Wataona watu wazima wakichungulia daftari la jirani, wakiitikia kwa pamoja wasichokielewa, wakiinamisha kichwa wasiulizwe. Kisha rudia somo lilelile ukiwa na mche wa mahindi mkononi: shika mzizi, "mzizi", shika jani, "jani", waguse, waseme, chora ubaoni. Halafu uliza kilichobadilika. Orodha watakayoitoa wao wenyewe (kitu halisi, ishara, maneno machache, kurudia, muda wa kufikiri) iandike kwenye karatasi kubwa ibaki ukutani, na iwe ndiyo fomu ya kuwapimia hadi mwisho wa muhula.

Hatua ya 7: Madai

Kila kipindi, kiongozi wa darasa asaini karatasi ya mahudhurio yenye tarehe, saa na mada. Jaza fomu ya madai kila mwezi hata kama malipo hutoka mwisho wa muhula, kwani karatasi za miezi minne zikiletwa pamoja, saini moja ikikosekana zote hurudishwa. Alama za mazoezi zikabidhi kabla ya mtihani. Vyuo hutofautiana, 40 za mazoezi kwa 60 za mtihani au 30 kwa 70, hivyo uliza kabla ya kutunga zoezi la kwanza. Baki na nakala ya kila ulichokabidhi, na kabla hujaondoka omba idara ikuandikie barua inayotaja msimbo wa kozi na saa ulizofundisha. Chuo cha pili kitaiulizia hiyo kwanza.