Kisu kidogo cha ala cha kutembea nacho kila siku: anza na ala, kisu kitafuata

Kazi yangu ni kufunga mipira ya kumwagilia kwa matone kwenye mashamba ya zabibu. Wiki hii niko Hombolo, wiki ijayo Mpunguzi, na nikiitwa Makutupora katikati ya hapo naenda. Kwa siku moja nakata mpira, kamba ya manila na kiroba cha mbolea, kisha saa saba mchana nakata chungwa. Kisu cha kukunja nilikuwa nacho. Vumbi la Dodoma, kuanzia Juni mpaka mvua ya Desemba, liliingia kwenye bawaba yake mpaka kikawa hakifunguki kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ndio ulikuwa umeshika mpira unaotapika maji. Tangu hapo natumia kisu kisichokunja, kifupi, kinachokaa kwenye ala chini ya shati.

Kwa nini chini ya shati? Kwa sababu shamba likiisha saa tisa, saa kumi nipo kwenye daladala nimebanana na mama aliyebeba mtoto. Mzee wa Kigogo mwenye sime kiunoni kwenye mnada wa Msalato hakuna anayemshangaa. Mimi nikiingia mjini mpini umechomoza, natisha watu, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayetembea na silaha hadharani kwa namna ya kutia hofu bila sababu halali. Naongelea chombo cha kazi, basi. Anayetafuta kisu cha ugomvi asiendelee kusoma.

Hatua ya 1: Chonga kisu cha mbao

Usiende sokoni bado. Tafuta kipande cha mbao chenye urefu wa sentimita 18, upana wa sentimita 3, unene kama wa rula nene ya fundi seremala. Kifunge kwenye mkanda wako kwa kamba, mahali unapodhani utaweka kisu, ukae nacho siku tatu. Panda bodaboda, chuchumaa, inama kufunga kamba za viatu, lala chini ya gari kama kazi yako ni hiyo.

Siku ya kwanza utakihamisha mara nne au tano. Mimi nilianzia nyonga ya kulia, nikahamia mgongoni, nikarudi mbele. Mahali ambapo jioni ya siku ya tatu umesahau kwamba kipo, hapo ndipo kisu chako kitaishi. Kipande cha mbao kikikuchoma mbavu ukichuchumaa, kipunguze kwa msumeno mpaka kiache kukuchoma, kisha pima kilichobaki. Urefu huo ndio utakaoenda nao dukani.

Hatua ya 2: Mahali pa kukataa hata pakikupendeza

Usiweke kisu katikati ya mgongo, juu ya uti. Ukianguka chali na pikipiki, kile kipande kigumu kinakutana na mfupa kabla ya lami. Usikiweke ndani ya suruali mbele ncha ikielekea kinenani. Pale paja linapoanzia unapita mshipa mkubwa wa damu, na ala ikipasuka hutapata muda wa kujuta.

Kinachonifaa mimi ni kulaza kisu kwa ulalo kwenye mkanda, mbele kidogo ya nyonga ya kushoto, mpini ukitazama kulia. Shati likishuka hakionekani, na nikikaa hakinichomi. Asiyevaa mkanda, kwa mfano dada zetu wanaovaa gauni au kitenge, anaweza kukitia mfukoni au kwenye mfuko wa ndani wa mkoba, ndani ya ala ngumu. Kuna wanaokining'iniza shingoni. Ukifanya hivyo tumia uzi unaokatika ukivutwa kwa nguvu, na ukipanda bodaboda kivue.

Hatua ya 3: Ala

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanatumia hela yote kwenye chuma, wanaishia na ala iliyokunjwa kwa kartoni na utepe.

Ala yangu ya kwanza niliishona mwenyewe kwa ngozi laini ya begi la zamani. Nikapanda bodaboda Mpunguzi kurudi mjini. Kwenye tuta la tatu nikasikia kitu kama mwiba pajani. Nikadhani ni msumari umetoka kwenye kiti. Tulipofika nikashuka, suruali imelowa. Ncha ilikuwa imepita kwenye mshono na kuingia mwilini kiasi cha kucha ya kidole kidogo. Dereva akanitazama, akatazama kisu, akasema: "Braza, umejichoma mwenyewe?" Nilikuwa nimejichoma mwenyewe.

Ala nzuri inafanya mambo matatu. Haipenyeki na ncha. Inakishika kisu hata ukiigeuza juu chini. Na inakiachia kwa msukumo wa kidole gumba kimoja. Ijaribu hivi: tia kisu, geuza ala mdomo chini, tikisa mara kumi juu ya mkeka. Kikidondoka, kisu hicho na ala hiyo havijuani. Kisipotoka hata ukivuta kwa nguvu, utakuja kujikata siku kitakapochomoka ghafla.

Ukitaka ya ngozi, nenda kwa fundi viatu na kisu chenyewe. Mwambie aweke kipande cha tatu cha ngozi katikati, upande wa makali, kati ya kuta mbili za ala, ili makali yakate kipande hicho badala ya uzi. Fundi mzoefu utamwona anaitikia kwa kichwa kabla hujamaliza kueleza. Ila ngozi ina ila mbili: inanyonya jasho, na inameza vumbi. Vumbi letu ni mchanga, na mchanga ndani ya ala ni sawa na kusugua kisu kwa msasa kila unapokichomoa.

Ndiyo maana siku hizi ala zangu nachonga kwa bomba la PVC, mabaki ya kazini. Inachukua nusu saa:

– Kata kipande cha bomba la nchi moja na nusu, kirefu kuliko bapa la kisu kwa sentimita mbili. Kipasue kwa urefu.
– Kipashe moto juu ya jiko la mkaa, kiwe mbali kama shubiri moja, ukikizungusha. Fanya nje, penye upepo. Kikianza kutoa moshi umeshaharibu, na moshi huo ni sumu; kisogeze mbali. Kikilegea kama chapati, kibane kati ya mbao mbili kipate kunyooka.
– Funga bapa la kisu kwa utepe wa karatasi, mizunguko miwili, ili ala isije ikabana mno.
– Pasha tena kile kipande, kikunje kulizunguka bapa mkunjo ukiwa upande wa mgongo wa kisu. Kiweke haraka kati ya ndala mbili kuukuu, weka mbao juu yake, simama hapo dakika tatu.
– Kikipoa, toboa upande wa makali, funga kwa ribiti tatu au bolti ndogo. Toboa pia tundu dogo chini kabisa, maji na vumbi vipate pa kutokea.

Vaa glavu nene. Ndala zangu zina alama ya kila kisu nilichowahi kumiliki.

Hatua ya 4: Urefu na umbo

Sasa twende sokoni, na kipimo cha mbao mfukoni. Bapa liwe na urefu wa vidole vinne vya mkono wako vikilazwa pamoja, yaani sentimita 7 mpaka 9. Linatosha kukata mpira wa nchi mbili kwa kuuzungusha na kufungua kila kiroba kinachouzwa soko la Sabasaba. Refu zaidi ya hapo litakuchoma ukikaa, na litaanza kufanana na silaha.

Unene wa mgongo uwe milimita 2.5 hadi 3. Vijana wanapenda visu vinene, vya milimita 5, kwa sababu vinaonekana vya kiume. Kata navyo chungwa uone: halikatiki, linapasuka.

Makali yawe upande mmoja tu. Kisu cha makali pande mbili hakina mahali pa kukandamizia gumba, kinaharibu ala kote kote, na askari hawezi kukielewa hata ukimwonyesha mpira uliokuwa unakata.

Hatua ya 5: Chuma

Una njia mbili. Ya kwanza ni mhunzi anayefua kwa springi za magari. Springi ni chuma kigumu kisichovunjika ovyo. Nyingi zina kaboni kama asilimia 0.6, na kikifuliwa vizuri kinashika makali na kunoleka kirahisi. Njia ya pili ni visu vya kiwandani visivyoshika kutu. Neno "stainless" peke yake kwenye bapa halikwambii kitu; maandishi kama 440C au AUS-8 yanakutajia aina ya chuma. Muuzaji akikwambia ni "orijino", muulize orijino ya nani.

Beba tupa ndogo. Omba ruhusa, kisha iguse kidogo karibu na shina la makali, mahali pasipoonekana. Tupa ikiuma chuma kama inavyouma msumari, kisu hakikupikwa vizuri na kitakuwa butu kabla ya Ijumaa. Ikiteleza, au ikishika kwa shida, endelea. Kwa kisu cha mhunzi angalia pia rangi: ukiona ubluu karibu na makali, mashine ya kusaga imekiunguza na ule ugumu umeondoka. Kiache, hata kama mpini unapendeza.

Cha springi kitabadilika rangi. Msimu mmoja wa kuchuma zabibu uligeuza changu kijivu kinachoelekea weusi, kwa sababu ya tindikali ya matunda. Weusi huo haudhuru. Kutu nyekundu ndiyo ya kupigana nayo.

Hatua ya 6: Mpini

Msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia mpinini, ufike mpaka mwisho, na ribiti zisipungue mbili. Msuka mfupi uliobandikwa kwa gundi utalegea kwa jua la Oktoba. Mpini ukae vidole vitatu na nusu, na mbele yake pawe na kijino cha kuzuia kidole kisiteleze kwenye makali. Mpingo ni mzuri kwa macho, ila ukilowa unateleza. Mimi nimeuzungushia tyubu ya baiskeli, basi. Hauna sura, lakini haunitoki mkononi.

Hatua ya 7: Kukitunza, na pa kukiacha

Nyumbani kitoe ndani ya ala, kipanguse, kitundike juu watoto wasikofika. Usikipake mafuta ya alizeti, ingawa ndiyo yaliyojaa kila jikoni huku kwetu: yakikaa yanakuwa kama gundi na yanakusanya vumbi. Mafuta ya cherehani, tone moja, yanatosha. Kama unakatia chakula, mafuta ya nazi. Kunoa ni mara moja kwa wiki kwenye kinoo cha maji, ukikilaza kiasi cha nyuzi 20, mara kumi kila upande. Wanaosubiri mpaka kiwe butu kabisa ndio wanaosema kunoa ni kazi ngumu.

Uwanja wa ndege, stesheni ya treni ya SGR, mahakamani na bungeni usiende nacho. Kuna mashine na kuna maswali. Nilisahau mara moja nikaingia nacho benki. Mlinzi, binti wa rika la mdogo wangu wa mwisho, akaona shati limevimba.

"Kaka samahani, hapo kiunoni kuna nini?"

"Kisu cha kazi, dada. Nafunga mipira ya matone mashambani."

Sikukichomoa. Nilifungua mkanda, nikavua ala na kisu kikiwa ndani, nikamkabidhi. Akaigeuza juu chini, akaitikisa, kisu hakikutoka. Akaifungia kwenye droo, akanipa kipande cha karatasi chenye namba, akaniambia nikae foleni ya dirisha la tatu.