Somo: Multigridi ya digrii kwa mlinganyo wa presha

Ukiiga mtiririko usiogandamizika, muda mwingi wa kompyuta huliwa na mlinganyo wa Poisson wa presha. Badiliko la presha mahali pamoja husikika papo hapo eneo zima, lakini kilainishi (hatua rahisi inayofuta makosa ya mawimbi mafupi) husogeza habari nodi chache tu kwa kila pigo; nodi ni nukta zinazobeba thamani. Ndiyo maana tunapanga ngazi za digrii tofauti: kwenye digrii ndogo nodi ni chache, na habari hufika mbali. Hiyo ndiyo multigridi ya digrii. Mfano wetu una elementi (vipande vya eneo) 10,000 za pande sita, na ndani ya kila moja presha ni polinomia ya digrii 7 inayosomwa kwenye nodi za Gauss-Lobatto, ambazo baadhi hukaa kwenye mipaka ya elementi.

Hatua ya 1: Usijenge matriksi ya mlinganyo. Elementi moja ina nodi 8×8×8 = 512, kwa hiyo matriksi yake ina namba 262,144. Kwa biti 64 hiyo ni MB 2 kwa elementi, karibu GB 21 kwa zote. Zidisha mwelekeo mmoja mmoja badala yake: kila zidisho ni 8×512 = 4,096, nawe unahitaji sita tu, matatu kupata mteremko na matatu ya kurudi.

Hatua ya 2: Panga ngazi 7, 3, 1. Nodi zitakuwa takriban milioni 3.4, kisha 270,000, kisha 10,000. Ngazi ya digrii 1 ikabidhi kwa multigridi ya aljebra (inayojenga ngazi zake kutoka kwenye matriksi yenyewe).

Hatua ya 3: Kupandisha na kushusha. Hapa ndipo programu nyingi huharibika, kwa hiyo usiharakishe. Kupandisha (P) ni kusoma polinomia ya digrii 3 kwenye nodi za digrii 7, elementi kwa elementi. Nodi ya uso hushirikiwa na elementi mbili, ya pembe mara nyingi nane. Ukijumlisha tu, thamani zake zinazidishwa mara 2 au 8. Gawa kila nodi kwa idadi ya elementi zinazoishiriki. Kushusha lazima iwe transpozi (matriksi iliyogeuzwa safu kuwa nguzo) ya P hiyohiyo, pamoja na mgawo huo. Kosa la kawaida ni kuyasoma masalio (sehemu ya mlinganyo ambayo jibu la sasa bado halijatimiza) kwenye nodi za ngazi ya chini kana kwamba ni presha. Masalio si thamani za nukta. Ni integrali zilizokwisha kupimwa kwa uzito wa kila nodi.

Kabla ya kuendelea, fanya majaribio mawili. Pandisha vekta ya moja tupu: lazima utoke na moja tupu. Kisha chukua x ya ngazi ya chini na y ya ngazi ya juu, zote za kubahatisha, ulinganishe y·(Px) na (Pᵀy)·x. Zisipolingana kwa tarakimu 12 hivi, rudi ukatafute kosa.

Hatua ya 4: Kilainishi. Tumia Chebyshev (polinomia inayochanganya marudio kadhaa) juu ya Jacobi (kugawa masalio kwa namba za diagonali ya matriksi), digrii 2 au 3, kabla na baada ya kushuka. Kadiria thamani kubwa kabisa ya aigeni (kiasi kikubwa ambacho matriksi iliyogawanywa hivyo hukuza vekta) kwa marudio 10 hadi 20 ya kuzidisha vekta ya kubahatisha. Usianze na vekta ya moja tupu: kwenye mipaka ya Neumann (inayotaja mteremko wa presha, si presha yenyewe) matriksi huigeuza sifuri. Kadirio hili hukaribia kutoka chini, kwa hiyo lizidishe kwa 1.1 au 1.2 liwe mpaka wa juu wa eneo la Chebyshev. Mpaka wa chini uwe 0.1 ya kadirio. Ukibana mpaka wa juu kupita kiasi, polinomia ya Chebyshev hupanda kwa kasi nje ya eneo lake, na mawimbi mafupi kabisa hulipuka badala ya kufifia.

Hatua ya 5: Funga mzunguko wa V (kushuka ngazi zote kisha kupanda) ndani ya CG (conjugate gradient, mbinu ya marudio kwa matriksi linganifu). Elementi zikiwa na umbo zuri, marudio huwa kati ya 8 na 20 kushusha masalio mara 10⁸. Jambo la kuangalia zaidi: ukiongeza elementi, idadi hiyo isipande.

MASWALI

Swali: Mipaka yangu yote ni Neumann. Masalio yanashuka vizuri, halafu yanaganda. Nimekosea wapi?

Jibu: Upande wa kulia wa mlinganyo haukubaliani na mipaka hiyo. Jumla ya namba zake lazima iwe sifuri, jumla ya kawaida bila kupima tena kwa uzito wa nodi, maana kila namba tayari ni integrali. Toa wastani mwanzoni. P ikipita jaribio la moja tupu, jumla itabaki sifuri ngazi zote. Bado itoe kwenye ngazi ya mwisho, kwa sababu makosa madogo ya kukata tarakimu hujikusanya hapo.

Swali: Mbona tusishuke 7, 6, 5 mpaka 1?

Jibu: Digrii 6 bado ina karibu theluthi mbili ya nodi za digrii 7. Unalipa kazi nyingi kwa faida ndogo. Kuruka 7 hadi 1 moja kwa moja nako kunakiachia kilainishi mawimbi mengi mno.

Swali: Karibu na ukuta elementi zangu ni bapa sana, marudio yamefika 90.

Jibu: Jacobi hulainisha mwelekeo wenye nguvu tu (ule wa nodi zilizobanana), ule mwingine unabaki na kosa lake. Weka kilainishi cha Schwarz (kutatua kila elementi peke yake), elementi zikipandana safu moja ya nodi, kila moja ikitatuliwa kwa aigeni za mwelekeo mmoja mmoja. Gharama inabaki ya zidisho za mwelekeo mmoja mmoja, kama Hatua ya 1. Mgawo wa nodi zinazoshirikiwa uwe mzizi wa pili pande zote mbili, kabla na baada ya kutatua. Ukiuweka upande mmoja, ulinganifu unavunjika na CG haifai tena. Hapo tumia GMRES nyumbufu (mbinu ya marudio isiyohitaji ulinganifu).

Swali: Naweza kutumia biti 32?

Jibu: Ndani ya mzunguko wa V, ndiyo, kazi hii hubanwa na usomaji wa kumbukumbu, na nusu ya baiti ni karibu nusu ya muda. Vekta za CG na masalio ya nje yabaki biti 64.