Somo: Utepe wa kiuno ndani ya gauni la jioni, kama walivyoshona Paris kabla ya 1914

Geuza ndani nje gauni la jioni la nyumba za mitindo za Paris: la Worth au Paquin wa mtaa wa Rue de la Paix, au la Callot Soeurs, nyumba ya dada wanne iliyofunguliwa 1895. Utakuta utepe mgumu unaozunguka kiuno, mara nyingi umefumwa jina la nyumba hiyo. Wakusanyaji huutazama kwa ajili ya jina. Fundi autazame kwa sababu ndio unaobeba gauni. Shifoni, lesi na shanga zinaonekana kama zinaelea kwa kuwa zimening'inizwa kwenye kitu kisichosogea, na hicho ndicho tunachoshona leo. Mapambo ya nje kila mtu na lake.

Hatua ya 1: Vipimo. Mpime mteja akiwa amevaa nguo ya ndani atakayovaa siku ya shughuli. Usinakili kiuno cha gauni la zamani. Kile ni kipimo cha koseti, vazi la ndani la kubana kiuno, si cha mtu.

Hatua ya 2: Kizibao cha ndani. Kata kwanza kwa merikani, jaribu, rekebisha, ndipo ukate kitambaa chenyewe. Paris walipenda hariri ya tafeta, lakini pamba nyepesi isiyovutika inatosha, na kwa joto la pwani naiona bora. Laza mishono kwa pasi, kisha shonea juu yake vifuko vyembamba vya kupitishia vijiti. Wao walitumia chuma au kile kilichoitwa mfupa wa nyangumi (si mfupa hata kidogo, ni mabamba ya mdomoni anayochujia chakula). Wewe tumia vijiti vya plastiki vya koseti. Kila kijiti kiishie sentimita 1 kabla ya mwisho wa mshono, na ncha uipige tupa mpaka iwe duara.

Hatua ya 3: Utepe. Hapa msikimbie. Tafuta utepe mzito wenye mistari ya kukingama, upana wa sentimita 2 hadi 3, ambao ukiuvuta haurefuki. Utepe wa satini wa kufungia zawadi haufai. Kata kwa kipimo cha kiuno, ongeza sentimita 6 za kukunja ncha, tia kulabu mbili na vitanzi vyake. Mvalishe mteja utepe peke yake kwanza. Aketi, ainame, avute pumzi. Ukipanda juu, umelegea. Akishindwa kupumua, umezidi.

Sasa ushonee kwenye kizibao kwa mkono, kwa mishono ya msalaba. Kama gauni linafungwa mgongoni, shikiza mbele na ubavuni tu, pale penye mistari ya mishono. Ncha za mgongoni ziache huru kama sentimita 8 kila upande. Mvaaji hufungwa utepe kwanza, kisha kizibao, vazi la nje mwisho. Uzito wa sketi unabaki kiunoni, kulabu za mgongoni hazivutwi, na mabega hayateremki. Ukiushona mzunguko mzima hutafaidi chochote, maana utavutana na kitambaa na mgongo utajikunja.

Hatua ya 4: Sketi na tabaka za juu. Valisha sanamu kizibao, kisha panga kitambaa kwa pini kuanzia usawa wa utepe. Piga bandi, cherehani isubiri. (Nyumba za Paris zilitenga kabisa karakana ya vitambaa laini na ile ya makoti, na ukishika shifoni utajua kwa nini.) Liache gauni lining'inie usiku kucha kabla ya kukata pindo, kwa sababu sehemu zilizokatwa mshazari hurefuka. Tabaka la shanga lishikizwe mabegani na kiunoni kwa mishono ya mkono iliyolegea kidogo.

Hatua ya 5: Kulabu. Zipishane: upande mmoja kulabu, inayofuata kitanzi. Hazitafumuka mvaaji akicheza.

MASWALI

Fundi wa Tanga: Shikamoo mwalimu. Poiret, yule mbunifu wa mitindo wa Paris, si aliachana na koseti? Utepe wa nini tena?

Marahaba. Koseti aliiacha mnamo 1906, uzito wa kitambaa haukumwacha. Alipandisha kiuno karibu na kifua, na mkanda wa ndani ukapanda nao. Aliyekuja kuuacha kweli ni Madeleine Vionnet, aliyekuwa mkuu wa karakana kwa akina Callot kabla ya kufungua nyumba yake 1912. Magauni yake ya mshazari ya miaka ya 1920 yanashikwa na mkato wenyewe. Hilo ni somo lingine, tusichanganye.

Dada wa Mwenge: Shanga zote hizo walishona moja moja kwa sindano?

Nyingi hapana. Walitumia kulabu ndogo ya Lunéville, mji ulio mashariki mwa Ufaransa. Kitambaa hukazwa kwenye fremu, upande mzuri ukiwa chini, na shanga zimeshatungwa kwenye uzi. Kulabu hushuka, huvuta kitanzi juu, na kila mshono wa mnyororo hubana shanga kwa chini. Mdarizi hazioni, anazisukuma kwa vidole. Ni haraka sana, ila mwisho wa uzi usipofungwa vizuri mstari mzima hufumuka.

Mgeni: Nimeona hariri ya zamani imepasuka vipande bila kuguswa. Ni mchwa?

Ni kemikali. Hariri ikioshwa utomvu wake hupoteza uzito, na ilikuwa kawaida kurudisha uzito huo kwa chumvi za bati. Chumvi hizo huila polepole. Ukipewa kipande cha namna hiyo usikitundike, kilaze.

Fundi wa Tanga: Gauni limeshakamilika na linateremka. Naweza kuongeza utepe sasa?

Unaweza. Fungua bitana pale kiunoni, shikiza utepe kwenye mishono ya ubavu na ya mbele, nusu sentimita au moja pungufu ya kiuno cha gauni, kisha rudishia bitana ukiziacha ncha zitoke mgongoni. Mjaribishe mteja kabla ya kufunga bitana.