SOMO: Kulala kwenye hema na watoto kwa mara ya kwanza, Saadani msimu wa joto

Wanajamvi, habari zenu. Kila mwisho wa Novemba, shule zikikaribia kufungwa, napata ujumbe uleule: "Dada, tunataka kwenda kulala kwenye hema na watoto, tubebe nini?" Nikimjibu mmoja, kesho anakuja mwingine. Leo naandika yote hapa, na atakayeniuliza tena nitamtumia somo hili.

Naongelea Saadani kwa sababu ndiko ninakokujua. Ni nyika inayoishia mchangani kwenye Bahari ya Hindi, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na ukitoka Dar unafika siku hiyohiyo. Naongelea Desemba hadi mwanzo wa Machi kwa sababu ndipo likizo ndefu inapoangukia, na ndipo joto la pwani linapokuwa kali: kivulini nyuzi 32 au 33, na hewa ina unyevu hadi nguo uliyoanika usiku unaiokota asubuhi bado mbichi. Watu wananiuliza habari za simba. Mimi nawaambia waogope jua la saa sita hadi saa kumi.

HATUA 1: Hema. Chukueni lenye matabaka mawili: la ndani la wavu, la nje la kuzuia mvua, na madirisha yanayotazamana ili upepo uingie huku utokee kule. Likiandikwa la watu 4, hesabu wazazi wawili na mtoto mmoja. Lisimamisheni uani kwenu kwanza, mlale humo usiku mmoja.

HATUA 2: Kibali. Kiingilio kinahesabiwa saa 24, na kulala kunalipiwa kando. Pigeni simu hifadhini mapema, mwulize bei na hali ya barabara, maana kuna vipande vya udongo mweusi ambavyo mvua ikinyesha gari dogo halitoki. Jiandaeni kulipa kwa kadi au simu. Panga mfike kama saa kumi alasiri: hamsimamishi hema juani, na bado mna mwanga wa kutosha.

HATUA 3: Maji. Mtu mzima lita 4 za kunywa kwa siku, mtoto lita 2. Sisi tuko watano, ni lita 14 kwa siku. Siku mbili na nusu ni lita 35. Kwa hiyo nabeba madumu mawili ya lita 20 ya kunywa, na mawili mengine ya kupikia, kuosha na kuwamwagia watoto. Usiseme "tutanunua hukohuko". Ongeza pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, angalau sita, na ukumbuke pakiti moja ni ya lita moja nzima ya maji safi, usiikoroge kwenye glasi.

HATUA 4: Mahali pa hema. Mtaonyeshwa eneo la kambi, lakini ndani ya eneo hilo mnachagua wenyewe, na hapa ndipo usingizi wenu wa usiku unapoamuliwa. Miezi hii inavuma kaskazi, kwa hiyo mlango uelekee kaskazini-mashariki. Alfajiri upepo hugeuka, unatoka bara kwenda baharini, ule wazee wa pwani wanaouita umande. Usipofungua dirisha la upande wa bara, umande unapita nje na nyinyi mnatokwa jasho ndani. Jua nalo linachomoza baharini, kwa hiyo mti mzuri ni ule unaosimama kati ya hema na bahari. Ukikosea hapo, saa moja asubuhi kila mtu yuko nje. Chini ya mnazi usilale.

HATUA 5: Vigingi. Vile vya chuma vifupi vinavyokuja na hema havishiki kwenye mchanga. Jaza mchanga kwenye kiroba, kifunge kamba ya hema katikati, kizike kwa kina cha mkono hadi kiwiko, shindilia kwa miguu. Vinne vinatosha.

HATUA 6: Mchana. Someni hii mara mbili.

Safari yetu ya kwanza kitinda mimba wetu alikuwa na miaka 3. Tulipomaliza kula akaanza kusinzia mapajani mwangu. Hema lilikuwa chini ya mti, kivuli kimekaa vizuri kabisa. Nikamlaza ndani, nikashusha tabaka la nje na kufunga zipu zote ili wadudu wasimpate. Nikaenda kuosha vyombo, tukapiga soga. Kivuli kinatembea, na mimi sikukifikiria. Nilipogeuka, jua lilikuwa limelikalia hema lote. Zipu iliniunguza kidole. Ndani mtoto alikuwa chali, nywele zimeloa, shuka limeloa umbo la mwili wake, na nilipomwita alifungua macho lakini hakuniangalia. Macho yalipita juu yangu.

Tulimtoa nje, tukampeleka kivulini, tukamvua nguo, nikammwagia maji ya dumu kichwani hadi miguuni, nikamfunika khanga iliyoloa, baba yake akawa anampepea kwa mfuniko wa deli bila kupumzika. Hatukumnywesha kitu hadi alipotutambua. Alipoanza kulia ndipo nilipokaa chini. Kisha ORS, kijiko kimoja kimoja, na gari moja kwa moja hadi zahanati. Alipona. Lakini nilikuwa hatua ishirini tu kutoka kwake, na sikusikia sauti yoyote.

Kwa hiyo:

Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, hakuna mtu anayelala ndani ya hema. Hata likiwa kivulini, hata madirisha yakiwa wazi.

Mtoto alale kwenye mkeka, nje, chini ya turubai lililofungwa juu pande zote nne zikiwa wazi, chandarua kikining'inia juu yake. Mtu mzima akae hapohapo. Akitaka kuondoka, amwite mwingine kwa jina.

Mtoto aliyeacha kucheza, anayelalamika kichwa, anayetapika au ambaye hajakojoa tangu asubuhi, mtoeni juani na mpoozeni palepale. Akianza kuweweseka, kutoelewa anachoambiwa au kupata degedege, hiyo ni hatari ya kufa: mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, vitu vya baridi kwapani na kwenye mapaja, na hospitali. Usimnyweshe mtu asiye na fahamu kamili. Na dawa ya kushusha homa haisaidii hapo, kwa sababu joto hili halikuletwa na homa.

Usiku pia funga turubai juu ya hema, uache nafasi ya mkono mzima katikati. Asubuhi utanishukuru.

HATUA 7: Chakula. Gandisha chupa za maji za lita moja na nusu siku mbili kabla, panga ndani ya deli. Ndiyo barafu yenu, na zikiyeyuka ndiyo maji ya kunywa. Nyama ichemshwe na chumvi na tangawizi hadi ikauke, kisha igandishwe. Vyakula vya nazi vipikwe na kuliwa palepale. Mchuzi wa nazi hauvumilii joto hili hadi kesho. Jiko la mtungi wa kilo 6 linatosha. Msipike ndani ya hema, na jiko la mkaa lisiingizwe humo hata kama limebaki majivu ya moto. Hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini. Chakula chote usiku kiwe garini.

HATUA 8: Usiku. Ndoo yenye mfuniko ndani ya hema kwa haja ndogo ya watoto. Anayelazimika kutoka amulike tochi pande zote kwanza, na mtoto hatoki peke yake. Mto Wami na kingo zake una viboko na mamba, msiende kuchota wala kunawa.

Maswali karibuni.

——

KijanaWaTabata: Hema shilingi ngapi na wapi naweza kupata?

Mwandishi: Bei inategemea ukubwa. Kagua matabaka mawili na madirisha, hatua ya 1. Usinunue bila kulisimamisha hapohapo dukani.

KijanaWaTabata: Na maji ya kunywa tubebe kiasi gani?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Mama_Pacha: Dada shikamoo. Nimesoma hatua ya 6 mikono ikitetemeka. Wangu wana mwaka na nusu. Je, mchana nikiwalaza kwenye gari, madirisha nusu?

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu. Hapana. Gari lililosimama juani linapanda joto haraka sana, na kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii. Kama mnakwenda mahali na kiyoyozi kinafanya kazi, na wewe umo ndani, sawa. Gari limezimwa, mtoto ashuke. Kwa umri huo ningekushauri usiku mmoja tu, tena mwanzo wa Julai. Kusi linavuma, usiku unajifunika shuka. Saadani haihami.

Mzoefu_wa_Pori: Mwaka juzi sisi tulilala mchangani kabisa, mita chache kutoka majini, na hakuna kilichotokea. Mnawatisha watu.

Mwandishi: Mahali gani nimesema habari za maji kujaa? Lakini umeyaleta, ngoja nieleze. Mwezi ulikuwa wa ngapi usiku huo? Kama hukumbuki basi mlipona kwa bahati. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama tunakuwa na bamvua, na kati ya kupwa na kujaa tofauti hukaribia mita 4. Maji mafu yakiwepo, bahari haifiki mbali. Wengine watafute mstari wa mwani mkavu ulio juu kabisa, huo ndio mpaka wa bahari. Hema likae juu yake, mbali. Na usisimamishe nje ya eneo uliloonyeshwa.

Mzoefu_wa_Pori: Sawa, yalikuwa maji mafu nadhani. Sikujua hilo la mwani.

Mwandishi: Vizuri, sasa umelijua.

Mwl_Dodoma: Dada, hongera kwa somo. Nina swali. Huku kwetu tukitundika shuka mbichi dirishani, chumba kinapoa kabisa. Nilijaribu Bagamoyo mwezi wa pili, nikahisi kama nimeongeza joto. Kwa nini?

Mwandishi: Swali zuri sana, mwalimu. Kinachopoza ni maji yanapokauka, yakigeuka mvuke yanaondoka na joto. Dodoma hewa ni kavu, inayanywa maji upesi. Pwani hewa imeshashiba, shuka linabaki limeloa na ndani unyevu unazidi. Ndiyo maana jasho la pwani linachuruzika badala ya kukauka. Huku kitambaa kibichi kiwe juu ya mwili, na kuwe na upepo wa kweli: bahari, pepeo, mfuniko wa deli. Nyinyi mkilala porini huko kwenu, tumieni shuka lenu bila wasiwasi. Ila kunyweni hata bila kiu, kwa sababu kwenye hewa kavu jasho linakauka kabla hujaliona, na unapungukiwa maji bila kujua.

Mwl_Dodoma: Nimeelewa kabisa. Kumbe na mtungi wa udongo ni hivyohivyo?

Mwandishi: Hivyohivyo. Maji yanapenya udongo taratibu, yanakauka kwa nje, ya ndani yanapoa.

Baba_Watatu: ORS zikiisha je?

Mwandishi: Lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Onja kwanza. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya.

DerevaWaUbungo: Mbung'o je? Tulipita upande wa vichaka, walituuma juu ya jinzi!

Mwandishi: Jinzi ndiyo imewaita. Mbung'o wanapenda bluu iliyokolea na nyeusi. Hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaeni kaki au rangi ya mchanga, na mkipita vichakani vioo vifungwe. Dawa ya mbu ya kupaka haiwazuii sana.

Neema2: tunaenda kesho tuna hema la tabaka moja na mtoto wa miezi 8, itafaa?

Mwandishi: Haitafaa. Nenda mchana, oga baharini, rudi mlale kwenye nyumba.

Neema2: mbona umenijibu hivyo, nimeuliza tu

Mwandishi: Umeuliza vizuri, na nimekujibu ninavyomjibu mdogo wangu wa tumbo moja. Soma hatua ya 6, aya ya pili.

Baba_Watatu: Tumerudi wiki mbili zilizopita, yote yalikwenda sawa. Ila wa kati ameamka na homa leo. Inaweza kuwa joto la safari?

Mwandishi: Wiki mbili baadaye, hapana. Mpeleke leo akapimwe malaria. Vimelea hukaa mwilini siku saba au zaidi kabla ya homa. Utuambie majibu.

Baba_Watatu: Ni malaria kweli. Ameanza dozi.

Mwandishi: Amalize dozi yote hata akichangamka kesho. Pole sana baba.

Bibi_Pangani: Wanangu, hilo la mtungi mmelipita haraka. Mimi nimesafiri nao kwenye dau tangu msichana. Uwe mpya wa kuchomwa, usiopakwa rangi. Uweke kivulini penye upepo, ukalie mchanga uliomwagiwa maji, mdomo ufunikwe kwa kitambaa cheupe na kata ya kuchotea maji juu yake.

Mwandishi: Shikamoo bibi. Asante sana. Njia yetu ina mashimo, haupasuki garini?

Bibi_Pangani: Marahaba. Sokota khanga kuukuu uifanye kata ya kichwani, iweke ndani ya karai, mtungi ukae juu yake mtupu. Maji utie mkishafika. Na maji ya kwanza yamwage, yana ladha ya udongo.