Kumzoesha mtoto mkono wa kutoa

Usianze na mawaidha. Mama yangu, kule Newala, hakuwahi kuniambia "uwe mkarimu", alinituma tu. Akichemsha ming'oko, vile viazi vya porini, sahani ya kwanza ilikwenda kwa bibi jirani, na mbebaji nilikuwa mimi, njaa ikiniuma. Nawe fanya hivyo: mtume mtoto kabla hajala, si akishashiba.

Abebe kilicho kizuri. Siku moja nilijaza bakuli korosho zilizovunjika, nzima nikazificha. Mama alizimwaga zote mkekani, akaniambia nipange upya. Hakugomba. (Afadhali angegomba, yangeisha upesi.)

Maji ndiyo mtihani wenyewe. Kule Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, maji ni ya shida, na tulikuwa tukinunua kwa ndoo. Hata hivyo baba alimpa mpita njia kikombe kwanza, ndipo akamuuliza atokako. Mwanao auone mpangilio huo: maji, kisha maswali.

Msimu wa korosho ukifika, Oktoba hivi, malipo yakiingia, tenga fungu la kutoa mbele yake. Kiasi si hoja. Na sahani ya jirani ikirudi tupu, pokea, osha, weka kabatini.